Mswada Usioombwa

Miezi minne baada ya kutuma hadithi yake kwa posta, Kezia aliamua kwenda kuwatafuta wachapishaji mwenyewe, akakuta duka la wigi.

Alikuwa ameifuata anwani neno kwa neno: barabara, jumba, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Mtoto mgongoni, kikaratasi mkononi. Mlango ulipofunguka akatazamana na vichwa vya plastiki ishirini na kitu vilivyopangwa rafuni, kila kimoja na nywele zake. Msichana wa duka alimwonea huruma.

"Wale wa vitabu? Walihama kabla sijaandikwa kazi hapa. Barua zao zilikuwa zinarundikwa chini ya ngazi, halafu siku moja zikabebwa na watu wa takataka."

Kezia alichungulia chini ya ngazi hata hivyo. Palikuwa na ufagio na ndoo.

Aliporudi nyumbani, mtaa wa Kaloleni, alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Madaftari matatu yalikuwemo, yale aliyoandikia hadithi mara ya kwanza kwa penseli: "Mfereji Uliopiga Mluzi", habari za msichana mdogo ambaye peke yake mtaani ndiye aliyesikia mfereji wa bomba ukipiga mluzi kabla maji hayajaja. Alikuwa amejaribu kuyatoa fotokopi, kurasa zikatoka nyeupe kama hazijaandikwa. Ile nakala safi iliyopotea aliiandika kwa kalamu ya wino kuanzia Januari hadi Pasaka, mistari michache kila mchana, mwanawe Omolo akilala. Sasa mtoto wa pili alikuwa njiani, na Kezia alijijua. Mtoto huyo akishazaliwa, sanduku la bati halingefunguliwa tena kwa miaka. Alikuwa na nafasi ya kuinakili mara moja tu, na kuipeleka mlango mmoja tu. Ilikuwa lazima mlango huo uwepo.

"Anwani uliipata wapi?" aliuliza mumewe, Sylvance, aliyekuwa ametoka kazini mtaa wa Baba Dogo, kwenye kiwanda cha beseni.

"Kwa kitabu cha orodha ya wachapishaji. Kile cha kabati la kanisa."

"Cha mwaka gani?"

Kezia alilisukuma sanduku uvunguni. Hakuwa ameangalia mwaka.

"Mama Omolo! Wewe huwezi kununua maziwa bila kuyanusa, na hadithi yako ukaitoa hivyo hivyo?"

Alisema kwa mzaha, lakini neno hilo lilimkaa Kezia. Jumamosi alimfunga Omolo mgongoni, akateremka kwa miguu hadi soko la Muthurwa. Safari hii atanusa kwanza.

Ukingoni mwa soko, pale nguo za mitumba zinapoishia, Gachanja alikuwa ametandaza vitabu vyake juu ya turubai. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Niaje, siste. Tafuta tafuta. Vya nasari ama vya mapenzi?"

"Nataka orodha ya wachapishaji. Ya mtu anayetafuta kuchapishiwa."

"Kumbe leo nimetembelewa na mwandishi!" Alipaza sauti ili muuza soksi wa jirani asikie, kisha akachimba chini ya rundo, akatoa vitabu vitatu. Kile kinene akakibeba kwa mikono miwili. "Huyu ndiye mkubwa wao. Umeona uzito? Ukimweka mlangoni hata upepo hauingii."

Kezia alikaa kwenye kigoda, akampa Omolo kipande cha mandazi, akaanza kazi. Katika kile kinene wachapishaji walikuwa wengi ajabu, wa miji ambayo ulimi wake haukuweza kuitamka. Alipitisha kidole kwenye ukurasa wa lugha, juu hadi chini, mara mbili. Kiswahili hakikuwepo. Akakirudisha.

Cha pili kilikuwa kinang'aa, mwaka huu umeandikwa kwenye jalada kwa tarakimu kubwa za dhahabu.

"Hicho ni moto," Gachanja alisema. "Kimetoka juzi."

Kezia hakusoma mwanzo. Alifungua moja kwa moja mahali alipopajua. Jina lilikuwepo. Jumba lile lile, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

"Hapa ni duka la wigi," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Nimefika kwa miguu yangu. Wamebadilisha jalada, ndani wakaacha vilevile."

Gachanja alichungulia, akajikuna shingo. "Labda wanauza wigi na vitabu."

"Lete hicho kingine."

Hicho kingine Gachanja alikionea aibu. Kilikuwa chembamba, kimebanwa kwa pini, jalada limepauka, na mwaka wake ulikuwa wa juzi juzi lakini si wa sasa. Kilikuwa kimetungwa kwa Kiswahili na chama kidogo cha waandishi. Kezia alitafuta jina lile lile. Lilikuwepo, na chini yake mstari mmoja: "Ofisi imefungwa. Tulifika wenyewe. Usiwatumie chochote."

Alisoma mstari huo mara tatu. Mtu fulani, asiyemjua, alikuwa amepanda ngazi zile kabla yake, akaviona vile vichwa vya plastiki, na badala ya kurudi nyumbani kulia akaandika, ili mwingine asipotee.

"Nachukua hiki."

"Siste, hicho nilikuwa nakaribia kukichana nifungie njugu!"

"Njugu fungia hicho cha dhahabu."

Muuza soksi alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki nzima Kezia alitembea na kile kijitabu mfukoni mwa aproni. Kila mchapishaji alikuwa ameelezwa: anatoa vitabu gani, kwa lugha gani, anataka nini kutoka kwa mwandishi. Alikata kwa penseli wanaotoa vya shule tu. Akakata wanaomtaka mwandishi alipie uchapishaji, maana maelezo ya hao yalikuwa na nyota pembeni na neno "jihadhari". Akakata wa Kiingereza. Alibaki mmoja, Kichuguu, wa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Na maelezo yake yaliishia hivi: "Hatupokei miswada isiyoombwa."

Kezia alilitazama neno hilo la mwisho. Isiyoombwa. Mchapaji amekula herufi, aliwaza. Walitaka kusema isiyoombewa. Wala hakushangaa. Kaloleni kibanda kipya huombewa, mtihani wa mtoto huombewa, jirani mmoja alishaombea friji. Kwa nini wachapishaji wasitake mswada ulioombewa? Akaona hao ni watu wa heshima.

Alhamisi alibeba madaftari yake hadi kwa Mama Teresiah, mjane aliyeongoza kikundi cha maombi cha akina mama, akayaweka mezani katikati ya vikombe.

"Naomba mniombee hii hadithi."

"Inahusu nini?" aliuliza Mama Teresiah.

"Inahusu mfereji."

"Hatuwezi kuombea kitu hatukijui. Soma."

Kezia hakuwa amewahi kumsomea mtu. Alianza kwa sauti ya chini, macho kwenye daftari, mpaka Maurine, jirani yake wa mlango wa pili, akamwambia, "Paza, wewe! Hapa si kliniki." Akapaza. Alipofika mahali msichana anapowaamsha majirani na hakuna anayemwamini, wanawake waliweka vikombe chini. Mfereji ulipopiga mluzi kweli, Mama Teresiah alipiga goti lake kofi na kusema, "Niliwaambia!" kana kwamba yeye ndiye mtoto aliyebishiwa.

"Lakini mtungi wake wa plastiki ni wa rangi gani?" Maurine aliuliza. "Kila mtungi kwenye foleni una alama yake. Huyo mtoto angejuaje wake?"

Kezia alichomoa penseli, akaandika pembeni: mtungi wa manjano, kifuniko cha mfuko wa maziwa. Kisha wanawake wote wakasimama, wakaweka mikono juu ya madaftari, wakaomba kwa sauti zilizopandana mpaka Omolo akaamka.

Walikuwa wakijifuta machozi Wangeci alipoingia, amechelewa kama kawaida. Wangeci alikuwa mwalimu wa nasari. Aliposikia habari aliomba aone kijitabu. Akasoma. Akafunga mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kezia, mpenzi wangu. Herufi haijaliwa. Isiyoombwa ni isiyoombwa. Yaani hawapokei mswada ambao wao wenyewe hawakuuomba. Mmefanya maombi bure!"

"Hakuna maombi ya bure hapa," Mama Teresiah alisema. "Kaa chini, Wangeci, unywe chai."

Wote walicheka, na Kezia akacheka nao, lakini kikombe chake alikirudisha mezani. Mlango mmoja uliobaki, na umefungwa. Nani angeuomba mswada wa mtu asiyemjua, aliyeishia darasa la nane, wa nyumba hizi za zamani za kanjo, baraza la jiji?

Nyumbani alikifungua kijitabu, safari hii tangu mwanzo, kurasa zile ambazo alikuwa ameziruka. Watu waliofika wenyewe hadi duka la wigi hawakumwangusha na hapa. Waliandika: "Ukikuta neno 'isiyoombwa', usikate tamaa. Andika barua ya ukurasa mmoja, ueleze hadithi yako. Wakiipenda, watakuomba mswada."

Alipiga simu Kichuguu kwanza.

"Mko bado kwenye jumba lililoandikwa hapa?"

"Tupo, mama."

"Hapo si duka la wigi?"

"Hapana, mama. Ni vitabu tu."

Ndipo akaandika. Alieleza habari za mfereji kwa mistari kumi. Kisha, kwa kuwa hakujua kudanganya, akaeleza na yale mengine: jinsi alivyosoma vibaya, jinsi wanawake kumi na mmoja walivyouwekea mswada mikono, na rangi ya mtungi ilivyopatikana. Akamalizia: "Kuombewa umeshaombewa. Sasa nawaomba mniombe."

Siku ya tisa alikuwa akianika nepi simu ilipolia.

"Kezia? Naitwa Wavinya, mhariri wa Kichuguu. Barua yako imesomwa ofisi nzima, mpaka anayetupikia chai. Sasa sikiliza vizuri, nataka nilitamke sawasawa." Mwanamke huyo alikohoa kidogo. "Kezia, tunakuomba mswada wako."

Kezia alikaa chini palepale kwenye nyasi, nepi mbichi begani.

Kunakili tena kwa mkono mmoja kungechukua miezi minne, na tumbo lilikuwa limeshakua. Mama Teresiah hakutaka kusikia hesabu hiyo. Aliwaita wenzake, akagawa kurasa kama mtu anayegawa mboga: hizi za Maurine, hizi za Wangeci, hizi zangu, hizi zako. Walimaliza siku sita.

Bawabu wa jumba la Kichuguu alimtazama kuanzia viatu hadi leso iliyombeba Omolo.

"Unaenda kwa nani, mama? Umeitwa?"

"Nimeombwa," Kezia alisema, akapita.

Mlango ulikuwa pale ulipoandikwa. Wavinya alifungua bahasha mbele yake, akapekua, akainua macho.

"Miandiko minne?"

"Mikono minne. Hadithi ni yangu."

Walimwandikia mkataba wiki tatu baadaye, na Wangeci akausoma wote kwa sauti kabla Kezia hajatia sahihi. Mtoto wa pili, msichana, alizaliwa Desemba. Kitabu kilizaliwa Machi, na juu ya jalada kuna mtungi wa manjano uliofunikwa kwa mfuko wa maziwa.

Siku aliyopita Muthurwa na wanawe wawili, Gachanja alimwona kwa mbali. Kitabu cha mfereji kilikuwa mbele kabisa ya turubai, na kando yake kile kijitabu cha pini, toleo jipya.

"Mwandishi! Hivi sasa sivichani kufungia njugu. Mteja akija namwambia, hiki kimepita mtihani wa wigi."

Kezia alikichukua kijitabu, akatazama mwaka kwanza, kisha akafungua penye Kichuguu. Ule mstari wa mwisho haukuwepo tena. Mahali pake palikuwa na mwingine: "Tuandikie barua kwanza. Tukiipenda, tutakuomba mswada. Kuombewa ni hiari yako."

Alicheka peke yake, katikati ya kelele za soko, mpaka Omolo akamvuta sketi kuuliza kuna nini.