Kufuli Nililolivunja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Tehama alinikalisha mbele ya kompyuta mbili, zote zimefungua rekodi ya mgonjwa mmoja. "Andika hiyo, mimi naandika hii." Yangu ikagoma. Hilo ndilo kufuli, akanieleza: mmoja akiwa anabadilisha rekodi, mwingine husubiri mpaka wa kwanza ahifadhi. "Kulivunja ni rahisi, bwana mdogo. Ila kwanza muulize aliyeshika." Niliitikia harakaharaka, nikijiona nimeshajua.

Miaka ikapita, nikawa mtunza kanzidata wa hospitali hiyohiyo, hapa Sumbawanga. Asubuhi moja mama kutoka Msanzi alikuwa chumba cha upasuaji, damu inamtoka baada ya kujifungua. Ya kundi lake ilibaki chupa moja tu. Maabara walipojaribu kuitoa kwenye mfumo, ukakataa: rekodi ya chupa ile imeshikwa na karani wa mapokezi, anayeandika maombi ya damu kutoka wodini.

Nikakimbilia mapokezi. Kiti kitupu. Baba mkwe wa karani alikuwa amefika kutoka Mwazye, na kwetu mkwe hasalimiwi umekaa, wala salamu zake hazikatizwi. Dirishani nilimwona karani uani, amepiga magoti, wanaulizana habari za nyumbani, mahindi na ulezi. Nikaona aibu kuwaingilia.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mganga Mfawidhi.

"Mzee, damu iko wapi?"

"Imefungwa, daktari."

"Basi fungua."

Nikavunja. Chupa ikatoka, mama akapona.

Kufuli likivunjwa, kazi ambayo haijahifadhiwa hufutika yote. Nililijua hilo, lakini sikumwambia karani. Nilikuwa napokea pongezi. Aliporudi alikuta skrini imerudi mwanzo, akadhani ameshahifadhi, akaendelea na foleni. Saa mbili baadaye akaja muuguzi wa wodi ya watoto.

"Dada, ile chupa ya mtoto wetu bado?"

Karani akanigeukia, nikiwa nimepita hapo mapokezi. "Si niliandika ombi lake la chupa ile kabla baba mkwe hajafika?"

Hakuna aliyekuwa ameita wachangiaji, kwa kuwa hakuna aliyejua wanaohitaji ni wawili. Ndugu walipofika kutoa damu, mtoto alikuwa ameshafariki.

Sasa nimestaafu, nalima Malangali. Vijana wa kitengo hunipigia wakikwama, nami huwauliza kwanza nani ameshika. Yule mama wa Msanzi tukikutana sokoni hunishika mikono yote miwili, ananishukuru. Mama wa mtoto hajui nilichofanya. Nyumbani kwake napafahamu, na sijawahi kwenda.