Moto Nyuma ya Maternité

Vitanda vya maternité yetu, nyumba ya kuzalia huku Butembo, upande wa Rughenda, vilikuwa vimetandikwa shuka nyeupe ambazo hakuna mtu aliyezilalia. Kila asubuhi muzalishaji, mkunga wetu, alizinyoosha kwa mkono, akafungua madirisha, akakaa mlangoni kusubiri. Na chini ya kilima, ndani ya nyumba zetu za udongo na bati, akina mama waliendelea kuzalia kwenye mikeka. Jambo hilo lilinitia hasira, na sifichi. Mimi ni mtu wa hasira tangu utoto. Baba alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na hewa.

Lakini safari hii hasira yangu ilikuwa na sababu. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza alizalia nyumbani, damu ikakataa kusimama, na kidogo tu angetutoka mbele ya macho yetu. Aliponaje, Mungu peke yake anajua. Sasa tumbo lilikuwa limekuwa kubwa, bwana yake alikuwa barabarani na lori, njia ya Kanyabayonga, na Mama alikuwa amekwisha kukata shauri: atazalia nyumbani tena. Kwetu, mtu anayemlinda mgonjwa hospitalini tunamwita garde-malade. Ndiye anayempikia, anayemwosha, anayelala chini karibu na kitanda chake, kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho mgonjwa apelekwe wapi. Garde-malade wa mdogo wangu alikuwa Mama. Na Mama akitajiwa ile maternité alijibu, "Kule hapana," kisha akarudia kuchambua maharage yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata kazi ya kuuliza watu maswali. Ulikuwa utafiti juu ya matibabu: yanawagharimu watu nini, wanayafikia kwa shida gani, na wakifika wanatunzwa namna gani. Kiongozi wetu alikuwa docteur mmoja aliyetoka Kinshasa, mtu mpole, ila viatu vyake havikupatana hata kidogo na matope ya Butembo. Swali lake kubwa lilikuwa lile langu: kwa nini vitanda hivi ni vitupu?

Tukazunguka mtaa kwa mtaa. Nilimuuliza kila mama aliyezaa karibuni, na mdogo wangu pia. Bei? Ilipunguzwa, wakasema, hata mwenye shamba dogo anaweza. Njia? Si mbali. Na namna mnavyopokelewa? "Iko muzuri, tunashukuru Mungu." Wote hivyohivyo, utafikiri wanaitikia misa ya Jumapili. Nami nilijua maana yake, maana ni watu wangu. Mgeni akiingia nyumbani anapewa kiti na maneno mazuri. Na muzalishaji, ambaye kesho huenda ukamwita kwa kilio, nani atamsema mbele ya mtu mwenye kalamu?

Docteur akajumlisha mambo. Bei nzuri, njia fupi, huduma nzuri, vitanda vitupu. Donc, akamalizia, ni desturi tu, wanawake hawa bado hawajaelewa. Akapendekeza mabango ya kuwafundisha.  Mama yangu, aliyepokea watoto wa ukoo mzima mikononi mwake, afundishwe na bango! Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu ili hasira ipungue, na haikupungua.

Kisha tukashuka Beni. Kule ni joto na vumbi, pikipiki zinapigiana honi, na habari za mauaji ya upande wa Mbau watu wanazisikiliza kabla ya chai. Tulidhani tutakuta vitanda vitupu zaidi. Maternité tuliyopelekwa ilikuwa ya zamani, kuta zimepasuka, rangi imebabuka. Lakini ilijaa! Wanawake walikuwa wamelala hata kwenye korido. Docteur alizungukazunguka akitafuta mabango ukutani, hakuona hata moja. Akaniuliza hawa wamefundishwa na nani. Sikujua, na kusema kweli sikujali kwa wakati ule, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Njaa ndiyo iliyonipeleka nyuma ya jengo, nikifuata harufu ya sombe, majani ya muhogo. Palikuwa na jiko refu, nguzo za miti na bati zilizotoboka, na mafiga ya mawe yaliyopangwa mpaka mwisho. Kila garde-malade alikuwa na sufuria yake, na moshi ulikuwa wa wote. Mama mmoja mzee, Muislamu wa familia ya wauza vitambaa, alikuwa anamlinda binti yake. Alinitazama, akatazama makaratasi yangu, akayachukua na kuyaweka chini ya jiwe yasipeperuke, kisha akanipa mwiko nikoroge uji wake wakati anapeleka maji ya moto ndani.

Nikakoroga. Aliporudi alinipa bugali na sombe, tukaanza kuongea, na wengine wakaingia katika maongezi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia tunashukuru Mungu. Walisema choo kinatisha. Walisema infirmier, muuguzi wa zamu ya asubuhi, ana mdomo mchafu. Walisema muzalishaji wa pale ana mikono ya baraka, na kwamba mtoto wao hawezi kuzalia mahali pengine. Kumbe watu wanajua kusema! Wanataka tu mtu anayekaa chini, anayepika nao. Kisha yule mama akaniuliza, kule kwenu Butembo, kwenye baridi yote ile, bagarde-malade wanapikia wapi?

 Nyuma ya maternité yetu kuna maua. Zamani palikuwa na jiko, lakini walipojenga lile jengo jipya lenye kuta nyeupe, jiko lilibomolewa ili moshi usichafue rangi, wakapanda maua mekundu. Nilikuwa napita pale kila siku nikiyasifu. Nilipomweleza, yule mama aliweka sufuria chini.

"Mukazi anatoka kuzala, munamuosha na maji ya baridi?" akasema. "Ata adui yangu, hapana."

Niliporudi Butembo sikumuuliza Mama kitu. Nilikaa karibu naye, nikavuta kitunga cha maharage, nikachambua. Baada ya muda nikasema tu kwamba kule maternité hakuna moto. Mikono yake ikasimama. Ndipo akaniambia. Mwaka jengo lilipofunguliwa alimpeleka binti wa jirani. Baada ya kuzaa, ilimbidi ashuke kilima kuchemsha maji na uji nyumbani, kisha apande navyo kichwani. Alipofika vilikuwa baridi. Yule binti alitetemeka usiku mzima, na Mama akaona aibu kama aliyemtupa njiani. Tangu hapo alikula kiapo, na mama wengine wa mtaa wakala kiapo pamoja naye.

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukusema?

"Ulikuyaka na makaratasi, ukauliza mudogo wako," akajibu. "Miye, nani aliniuliza?"

Jamani, neno lile liliniamsha. Kesho yake niliingia kwenye bureau ya docteur bila kubisha. Nilimwambia kwamba tumeuliza mdomo usio na neno, kwamba mwenye neno ni garde-malade, na kwamba vitanda vyake vinakosa watu kwa sababu ya mawe matatu na moto. Alisikiliza. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli, kama jiko nalo ni matibabu. Nikamwambia akazae kwanza kwenye baridi ya Butembo, akaoge maji ya bomba, kisha aniulize tena. Nilifikiri atanifukuza kazi. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema bon, turudi tuwaulize.

Tukarudi, safari hii kwa wazee wa kike, na hatukutoa kalamu kabla ya kuchambua maharage yao. Wakasema! Wakasema mpaka jua likazama. Docteur mwenyewe alimenya viazi siku moja, vibaya sana, na akina mama walimcheka vizuri. Tulipopeleka majibu mbele ya wakubwa wa kituo na wazee wa mtaa, hakuna aliyebisha. Jumamosi ikapigwa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna anayeikimbia. Wanaume walileta miti ya mikaratusi, akina mama wakapandisha matofali vichwani. Muzalishaji alichimbua maua kwa mikono yake, akayapanda kando ya barabara, akiimba. Na Mama, matope mpaka kwenye viwiko, alikuwa akichagua mawe ya mafiga na kuyakataa moja baada ya jingine, utafiti wake mwenyewe.

Jiko lilikuwa limekwisha siku uchungu ulipomshika mdogo wangu, mchana, mvua inanyesha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Lakini Mama alikuwa mlangoni mbele yangu, sufuria kichwani, unga wa uji ndani ya kitambaa, akituuliza tunangojea nini. Tukapanda kilima.

Mtoto alitoka, msichana, akalia kwa hasira. Nikajua ni wa kwetu. Kisha damu ikaanza tena, ileile ya mwaka ule. Nikaiona, nikapiga kelele. Muzalishaji hakupiga kelele. Alichoma sindano, akakanda tumbo, akaniambia nimshike mkono, nami nikashika nikisali vyote ninavyovijua. Damu ikapungua. Ikasimama. Alipopangusa jasho na kusema imekwisha, nililia kama mtoto mwenyewe, na sikuona haya.

Mama hakuona hata tone, alikuwa kwenye jiko la nyuma akichemsha maji. Aliingia na beseni linalotoa mvuke, akamwosha binti yake kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akamnywesha uji. Mdogo wangu akapata rangi, akaomba uji mwingine. Kitanda cha pili kilikuwa na mtu. Cha tatu pia.

Kesho yake docteur akaja. Akavuta kiti, akamsalimia Mama kwa Kinande, lugha yetu, alichojifunza vibaya, kisha akamuuliza anaonaje huduma. Nilisubiri lile jibu la misa. Mama akamkazia macho.

"Ile mulango ya jiko inaangalia fasi mvua inatokeaka," akasema. "Moto inazimika. Muigeuze, docteur."

Docteur akaandika. Mimi nilicheka mpaka mdogo wangu akanikanya, mtoto amelala. Jumamosi iliyofuata tuliugeuza mlango.