Njia ya Ng'ombe Katikati ya Shamba la Baba

Wasomaji wangu mtanisamehe kwa kupotea. Baba yangu amefariki. Nilikuwa Nairobi nikibishana na fundi wa bomba, ami yangu alipopiga simu kutoka Garsen na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, njoo nyumbani. Baba yako alilala, hakuamka." Nimezoea kuandika juu ya marehemu wa watu wengine, tena kwa ufasaha. Kwa huyu wangu nimegundua kwamba, mbali na majonzi, kilichonijaa ni wivu. Namwonea wivu kila aliyempata baba kwa wingi kuliko mimi, nikianzia na ng'ombe.

Shamba letu liko ukingoni mwa mto Tana, na katikati yake baba aliacha ukanda mpana usiolimwa. Kwetu njia ya namna hiyo huitwa malka. Wafugaji hupitisha mifugo yao hapo kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Udongo wake ni mweusi, ungeotesha hata fimbo ya kutembelea. Majirani walilima mpaka majini, baba akawaachia ng'ombe. Ndama akichepuka na kula mahindi yetu, baba alicheka na kusema mgeni naye lazima aonje. Mimi nikichuma hindi moja la kuchoma kabla ya wakati, nilihubiriwa hadi likapoa. Nilipokwenda chuo kikuu, na baadaye kazini, simu zetu zote za Jumamosi ziliishia pale pale: "Ng'ombe wamefika, mwanangu. Tutaongea." Nimekaa kwenye makongamano nikieleza jinsi mkulima na mfugaji wanavyoweza kuishi pamoja, na muda wote nilichotaka moyoni ni ng'ombe wachelewe kidogo, ili baba aniulize nimekula nini.

Kulikuwa pia na binti wa mfugaji, rika langu. Kila likizo nilimkuta ameketi na baba pale malkani, wakiongea kama watu walioanza mazungumzo jana na hawana haraka ya kuyamaliza. Alimwita Baba bila kuniomba ruhusa. Siku hizi ni mama wa watoto, anauza maziwa sokoni Garsen. Matangani alikuja na mtungi wa maziwa, akalia kwa kwikwi, nami niliyekuwa nimekauka macho nikaona kwamba hata hapo ananizidi.

Baada ya mazishi, ami aliniita kando. "Shamba ni lako sasa, baba yako alisema mbele ya wazee. Hiyo njia tuifunge, tupande migomba. Kaka yangu alikuwa mpole mpaka akawa hasara." Nilikaribia kusema ndiyo, na sababu haikuwa ndizi. Nilitaka kitu kimoja cha baba ambacho hakipitiwi na mtu mwingine. Yule mwenye maziwa alikuwa amesikia. Akaja akaketi karibu nami.

"Pole, dada. Lakini kiangazi ndicho hiki. Ng'ombe wetu watakunywa wapi?"

"Mbona waniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku."

"Na wewe ulikuwako. Kila Jumamosi nikitoka sokoni namletea gazeti. Macho yake yalikuwa yamechoka. Ng'ombe wanakunywa, mimi namsomea wewe."

"Makala zangu? Zote?"

"Zote. Nyingine ni ndefu, dada. Ile ya mkutano wa hotelini, hata ng'ombe waliondoka. Lakini yeye akasema, 'Rudia pale mwanzo, pale anapojicheka.'"

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaanza kumwandikia yeye, utaharibu kazi."

Kumbe Jumamosi nilikuwa nakatiwa simu ili nikasikilizwe. Nikamwuliza baba alisema nini juu ya makala ya mwisho aliyosomewa. Akatabasamu, akafunika mtungi wake. "Hiyo niachie mimi, dada. Wewe una shamba."

Nilimwambia ami migomba akaipande kwake. Alinuna hadi jioni, kisha akala wali wa matanga vizuri tu. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza juu ya njia hizi zinazofungwa moja baada ya nyingine huko kwetu, kila moja kwa hoja inayoeleweka: ardhi imepanda bei, watoto wameongezeka, ua umekuja na mradi. Sizipingi hoja hizo. Najiuliza tu ni ngapi zilizofungwa na mtu kama mimi, aliyeona baba yake akigawanywa kwa watu, akaamua kwamba basi, imetosha. Mtoto wa mtu mkarimu hukua akipewa sehemu, na sehemu haishibishi. Lakini nilichojifunza ni kwamba huwezi kurithi shamba la mtu wa namna hiyo ukawaacha nje watu wake. Ukiwaacha, unabaki na udongo.

Wivu haujaniisha, na sitawadanganya kwamba utaisha. Mimi ndiye niliyeandika, na sikuwahi kumsomea baba aya hata moja. Yule mwenye maziwa amemsomea zote, akamwona akicheka. Dada, najua hata Jumamosi hii utaisoma kwa sauti pale malkani, ng'ombe wakinywa, kwa mazoea tu. Ukimaliza, rudia pale mwanzo.