Nilivyokuwa Nchi Inayoshtakiwa

Mwaka ule nilikuwa dereva wa familia moja mtaa wa Al-Safa, Jeddah, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumpeleka binti yao chuo kikuu na kumrudisha. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Nyuma alikaa na bibi yake mzaa baba, ambaye alidai anamsindikiza mjukuu, ingawa mimi nilijua amechoka tu kukaa nyumbani. Wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kuendesha gari, kwa hiyo sisi watatu tulionana zaidi kuliko tulivyoonana na jamaa zetu.

Asubuhi moja binti aliingia garini amenuna. Mwalimu alikuwa amewapangia kesi ya kuigiza: umoja wa nchi za Ulaya unamshtaki mwanachama wake kwa kutoziingiza kanuni za pamoja za bunduki katika sheria za nchi yake. Yeye alipewa upande wa kushtaki, na kaka zake walikuwa wamemcheka alipoomba wamsaidie kufanya mazoezi.

"Basi wewe utakuwa nchi," aliniambia.

"Nchi gani?"

"Nchi yoyote. Ile isiyosikia."

Tuliongea kwa Kiarabu changu cha barabarani, na kilipokwama tukaingia Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini wasiwatume polisi tu. Akacheka. Nchi haikamatwi, alisema. Inaandikiwa barua, inasubiriwa. Inaandikiwa tena kwa ukali, inasubiriwa. Ndipo inapopelekwa mahakamani. Kisha akabadilisha sauti.

"Mlikubali wenyewe kila bunduki ipigwe alama na iandikishwe. Muda umepita. Sheria iko wapi?"

"Mheshimiwa, bunge letu limevunjwa juzi," nilijibu huku nikilikwepa lori. "Uchaguzi ukiisha tutaitunga. Halafu wawindaji wetu wamekasirika. Na ofisi ya kuandikisha inajengwa, imebaki paa tu."

"Muongo!"

Alikuwa bibi. Tulidhani amelala. Kuanzia hapo akawa hakimu wetu, tena hakimu asiye na subira. Nilikuwa sijamaliza kujitetea anasema, "Halas, imetosha, nchi ina hatia. Ongeza baridi, joto linaniua."

Siku moja tukirudi, binti aliuliza swali ambalo halikuwa la mazoezi. "Lakini nchi moja ikichelewa, nani anaumia hasa?"

Nikamweleza yaliyotokea kwetu, mpakani. Serikali mbili zilipatana kukusanya bunduki za wafugaji, huku na ng'ambo. Upande wetu watu walizisalimisha. Ng'ambo hazikukusanywa. Wezi wa mifugo walipovuka walimkuta binamu yangu malishoni na fimbo yake, wakampiga risasi ya goti, wakaondoka na ng'ombe.

Bibi akasogea mbele kwenye kiti.

"Alipona?" bibi aliuliza.

"Alipona, Bibi, ila anachechemea."

"Mama yake yu hai?"

"Yuko."

Kesho yake bibi alinikabidhi mfuko wa tende, akaniagiza nimpelekee mama huyo nikienda likizo. Alijua mimi ni Mkristo, lakini akaniambia kwamba amemwombea kijana kwenye sala ya alfajiri, na nisije nikakataa. Ningekataaje?

Siku ya kesi bibi aliingia naye chuoni, mahali ambapo mwanamume hakanyagi, nami nikabaki kwenye maegesho. Walitoka wakigombana. Dakika za mwisho mwalimu alikuwa amewabadilisha pande, na binti akajikuta akiitetea nchi.

"Amesema yote uliyokuwa ukisema wewe!" bibi alifoka akifunga mlango. "Bunge, wawindaji, hata lile paa! Amewatetea watu waliomvunja goti mtoto wa mwenzangu!"

"Nimeshindwa lakini, Bibi. Nchi imehukumiwa."

"Alhamdulillahi!"

Binti aliniangalia kwenye kioo, macho yamemjaa machozi. "Umenikasirikia?"

Kweli kuna kitu kilikuwa kimenichoma, ila si yeye. Visingizio vile sikuvibuni mimi. Nilivisikia kwa wakubwa waliokuja kwetu kutupa pole, wamevaa suti, wakisema mambo yako njiani. Nikamwambia hivyo.

"Nilipovitamka mbele ya watu nilisikia jinsi vilivyo vyepesi," alisema. "Niliona aibu, nikaendelea."

"Ilikuwa kazi yako kuendelea. Sijakasirika."

Bibi ndiye aliyekasirika. Alinuna mpaka mtaa wa Kandara, ambako aliniamuru nisimame ninunue sambusa. Akampa mjukuu wake ya kwanza bila kumtazama.

Alipomaliza chuo, binti alipata kazi kwenye ofisi ya mawakili Riyadh, akaenda kukaa kwa shangazi yake. Baba yake, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini nchini, alinitoa niende kumwendesha huko. Bibi akafunga mizigo yake bila kualikwa na mtu. Asubuhi ya kwanza tulimshusha binti mlangoni pa ofisi, akaingia na mkoba mpya uliomzidi ukubwa. Niliwasha ishara nitoke, lakini bibi akanigusa bega.

"Subiri kwanza. Ameniambia atanipungia mkono dirishani."

Nyuma yetu magari yalipiga honi. Tulisubiri, sote wawili tumeinua shingo, tukihesabu ghorofa na kubishana ni dirisha lipi.