Shaba ya Mlango wa Bibi

Mwanangu amevunja kifunguo kimoja cha gita lake la besi, kile kidude cha kukazia uzi. Juzi akanijia akicheka: "Mama, nishaagiza kwa simu, chaja wiki ijayo." Hivyo tu! Nikacheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Wewe uliyekulia Mji wa Kale miaka ya tisini utanielewa. Kwetu kifunguo kilitoka mlangoni, na laiti kisingetoka.

Tulikaa kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, nyumba ya bibi mzaa mama. Mlango wake ulikuwa wa kuchonga, wa vipande viwili vipana, umejaa misumari yenye vichwa vya shaba vikubwa kama vikombe vya kahawa. Kila Alhamisi bibi aliisugua kwa ndimu na jivu, nami nikimshikia bakuli, huku mahamri ya jirani yakinukia hata mate yanitoke. Alikuwa na neno lake: "Mlango huvuliwa shaba mwenye nyumba akifa." Na ndivyo ilivyokuwa mtaani kwetu. Warithi wakitaka kuuza, kwanza waligawana shaba. Ukipita ukaukuta mlango uchi, ulijua pana msiba, tena panauzwa.

Mjomba alikuwa fundi wa magita. Bendi za mahoteli zilimletea besi kuukuu ambazo viwanda vyake vilishafungwa huko Ulaya na Japani, na spea hazipatikani kwa dawa. Alikwenda Kibarani kupekua jalala, akarudi ananuka moshi, mifuko imejaa koki mbovu. Aliziyeyusha uani juu ya makaa, akaimimina shaba kwenye kalibu ya mchanga, kisha kutwa nzima ni tupa tu, kwiri kwiri, akichonga meno ya kifunguo. Wallahi, niliipenda sauti ile kuliko redio.

Ndipo akaja mpigaji besi mmoja, mtu wa bara aliyefanya kazi reli, na gita lisilo na kifunguo hata kimoja. Alitaka kulipiga harusini kwa binti yake. Mjomba akaapa litalia. Lakini shaba ya Kibarani ilimwaibisha: akikaza uzi kidogo, ta! kifunguo kimekatika. Alitaka shaba safi, ya zamani. Akauangalia mlango.

Alianza na msumari wa chini kabisa. Alhamisi bibi akatia kidole kwenye tundu. "Panya hali shaba," akasema. Mjomba akamshika mkono, akambusu, akamwambia atamsubia shaba mpya kwenye kalibu, afadhali ya ile. Kalibu ya kifunguo ikapasuka, shaba ikaharibika, akang'oa msumari mwingine. Na mwingine. Bibi akamwambia, "Mwanangu, wanivua nguo nami ni hai?" Mjomba akacheka! Mimi sikucheka.

Muuza vinyago wa Ndia Kuu, ambaye siku zote alitupita kama hatuoni, sasa akawa asimama barazani kila asubuhi. "Sabalkheri, bibi. U hali gani? Na afya je?" Bibi akajibu alhamdulillahi. "Na afya, je?" akauliza tena, macho yako mlangoni. Siku nyingine alikuja na wageni, wakaupapasa mlango kama watu wachaguao ng'ombe. Kisha jirani mmoja akarudi safari ya Lamu, akayaona yale matundu, akajitupa barazani akaangua kilio. Bibi ndiye aliyemfungulia, ungo wa mchele mkononi. Yule mama alipiga yowe la pili kubwa kuliko la kwanza. Watu walicheka mtaa mzima, lakini bibi tangu siku ile hakugusa tena ndimu wala jivu.

Gita lilipona. Mjomba alilijaribu sebuleni, likanguruma hadi vikombe vikatikisika kabatini. "Gita lalia vizuri," bibi akasema, akaingia chumbani, akajifunika.

Wajomba wengine wakaja. Habari zilishawafikia kuwa nyumba inauzwa, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeamua. Wakasema bibi hajiwezi, na mlango umeshaharibika, bora uuzwe ungali una thamani. Mlango ukatangulia, nyumba ikafuata. Leo sijui mlango ule uko nchi gani. Mjomba fundi alipinga, akalia kama mtoto: "Mimi nilitaka vifunguo tu, jamani!" Nilimchukia, na sijui kama nimeacha.

Tukamhamishia bibi Tudor, kwenye fleti ya mama mkubwa, ghorofani. Hakumaliza mwaka. Siku ya mazishi jeneza lilikataa kupita mlango mwembamba wa fleti. Wanaume wakalisukuma huku na huku, jasho likiwatoka, mwisho wakaliinamisha ubavu. Mjomba fundi ndiye aliyeshika upande wa kichwa, nikamsikia akisema, "Polepole, mama. Polepole."