Soda Zapoa, Seli Zafa Kasongo

Ni mwaka 2024, mwishoni mwa kiangazi. Asubuhi hii, katika maabara ndogo mjini Kasongo, Mama Feza amelala chali sakafuni, kitenge kimefungwa tumboni. Chini ya kitenge hicho mna chupa bapa ya plastiki. Hathubutu hata kukohoa.

Karibu na kichwa chake friji inanguruma, imejaa soda za wageni. Ili zipoe, waya wa kabati la joto umechomolewa ukutani.

Ndani ya kabati hilo zilikuwamo chupa nne zenye vipande vya kiungamwana, ule mrija unaomuunganisha mtoto na mamaye tumboni. Vikitunzwa katika maji ya virutubishi, kwa joto la mwili, vipande hivyo hutoa seli shina: seli changa zinazojishika chini ya chupa, zikarefuka kama dagaa na kuongezeka. Zikichochewa, baadhi hugeuka mfupa, nyingine gegedu, nyingine mafuta. Hivyo ndivyo maabara huthibitisha kuwa ni zenyewe.

Mama Feza, fundi wa maabara mzaliwa wa Wamaza, ana kaka aliyeangukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu huko Salamabila. Mfupa wa paja lake haujaunga hadi leo.

"Sisemi hizi zitamuponya," asema. "Wanaouza sindano za miujiza ni waongo. Sisi tuko tunatafuta kwanza kujua."

Kiungamwana kilitoka kwa Safia, muuza mawese sokoni, alipojifungua. Katika ukoo wa mumewe, hicho huzikwa nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake, Mama Chadia, alikubali kukitoa kwa masharti: aonyeshwe kitakachopatikana, kisha vipande virudi nyumbani vizikwe.

"Mukivitupa, nitakuja na mukeka wangu nilale hapa mulangoni," alionya. "Na mimi ninakoroma!"

Mama Feza aliapa kuvirudisha. Kwa hiyo Dady, msimamizi wa majengo, alipoingia asubuhi na kreti za soda, akitaka kuchomoa kabati, fundi huyo alimzuia.

"Maman Feza, ni saa chache tu. Betri haiwezi kubeba friji na kabati vyote viwili. Excellence atakunywa sucré ya moto?" aliuliza Dady, akimfikiria mgeni mkuu na soda zake.

"Anywe maji!"

"Kale kasanduku haina mutu ndani."

"Iko mutoto wa mutu ndani, Dady. Na Mama Chadia unamujua."

Dady alicheka, akachomoa.

Chupa ikiinama, vipande hubanduka. Ndiyo maana Mama Feza hakuweza kuifunga mgongoni kama mtoto. Tumboni palitosha moja tu; aliichagua, akalala nayo ili mwili wake uipe joto. Nyingine tatu aliziacha katika kabati lililokuwa likipoa.

Wageni waliokuja kuzindua maabara walimkuta hapo sakafuni.

"Ni malaria, Excellence," Dady aliwahi kueleza.

"Hapana malaria," Mama Feza alijibu bila kuinuka. "Niko ninaatamia."

Mgeni mkuu alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akahutubia juu ya thamani ya sayansi, soda baridi mkononi. Hakuuliza ni nini kilichochomolewa, wala hakuna mwenzake aliyeuliza. Watu wazima, wenye suti na vyeo, walikata utepe wa kuzindua kabati lililozimwa!

Katika chupa tatu zile, seli zilijikunja, zikabanduka, zikaelea kama vumbi. Ile ya tumboni ikasalimika.

"Watu wametupatia kitu cha mwili wao," asema Mama Feza kwa hasira. "Sisi tukakipima na sucré!"

Anachotaka sasa ni betri ya kabati peke yake, na mlango wenye ufunguo atakaouvaa shingoni.

Wiki mbili baadaye, Safia na mama mkwe wake waliitwa. Mama Chadia aliinamia hadubini.

"Hivi virefu virefu ni vya mujukuu wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Viko vingi kuliko ukoo wetu wote." Akainua kichwa. "Na chupa zingine?"

Mama Feza alimweleza yote, Dady akiwa pale pale. Kisha akatoa kitambaa cheupe chenye vipande vya kiungamwana kutoka chupa zote nne, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama Chadia alikipokea, akamgeukia Dady.

"Wewe wa sucré, twende. Jembe liko nyumbani."

Dady aliwafuata hadi nyuma ya nyumba yao, akavua shati, akachimba shimo la kuvizika.