Tusa na mabenchi yake ya zege jepesi

Hakuna benchi la zege jepesi lililouzwa kati ya Mbeya na Iringa bila mimi kulikalia kwanza. Hakuna! Muulizeni yeyote pale Soweto ya Mbeya, atawaambia Anko Lusungu ndiye aliyekuwa kipimo.

Na bado akili yangu inagoma, kwamba fundi mwenyewe, Tusajigwe, tumemzika jana. Kaugua wiki moja tu. Wiki moja, jamani! Simu ikilia nadhani ni yeye: "Anko, uko wapi, kuna mteja."

Kwa msiomjua, huyu binti alikuwa rafiki wa mpwa wangu, akaishia kuwa rafiki yangu mimi. Alitoka chuo na dizaini zake, akafungua karakana nyuma ya nyumba ya mama yake. Anasaga yale mawe ya Rungwe yanayoelea ukiyatupa kwenye ndoo ya maji, anachanganya na saruji, nyuzi za faiba na dawa ya povu. Kinatoka kiti cha zege anachobeba mtoto wa shule.

Mimi nilikuwa Meneja Masoko. Cheo nilijipa mwenyewe, hakukataa.

Siku moja pale Iyunga nilitembea kando ya lami, benchi la zege kichwani, mkono mmoja mfukoni. Malori yakasimama, foleni ikafika Mbalizi. Dereva akauliza, "Mzee, unakula nini wewe?" Nikamjibu, "Parachichi!"

Tusa alicheka mpaka akachuchumaa. "Anko, waambie ni jepesi! Tunauza benchi, hatukuuzi wewe!"

Ila wepesi ndio uliotuponza. Watu walisema kitu chepesi hivyo lazima kivunjike.

Iringa ndiko tulikobanwa. Kanisa moja lilitaka mabenchi ya uani, na Tusa alikuwa amemalizia saruji yake yote kwenye yale ya kwanza. Wakiyakataa, karakana inafungwa. Mzee wa kanisa akainua moja, akalirudisha chini taratibu.

"Binti, hili ni zege au andazi? Mama zetu wa kwaya umewaona lakini?"

Nikasogea mbele ya watu wote. Nikakaa. Mimi.

Tusa akanitazama. "Anko, kaa vizuri."

"Nimekaa!"

"Mbona unatetemeka?" mzee akauliza.

"Baridi yenu hii, baba."

Tusa hakunibishia. Alivua viatu, akapanda juu ya benchi, akaita, "Njooni mama zangu, tuimbe!" Watano wakapanda, wakaimba huku wanaruka. Benchi halikutoa hata mlio. Mimi nilikuwa nimeshashuka. Oda ikapita palepale.

Tukirudi Mbeya alininunulia hindi la kuchoma pale Makambako. Hakunitania hata kidogo, na yule binti kwa utani nyie! Alisema tu, "Siku moja utakaa vizuri, Anko."

Jana tulipotoka makaburini viti vya kukodi vilikuwa vimejaa. Mama yake akanishika mkono, akanipeleka ukutani kwa karakana, kwenye benchi la kwanza kabisa alilotengeneza mwanawe. "Pumzika hapa, kaka." Nilidondoka juu ya benchi mzima mzima, na tumbo langu lote na kilio changu chote. Halikutikisika.

Tusa, sasa acha niseme mbele ya watu, maana wewe ulishajua. Kule Iringa sikukaa. Wala Iyunga, wala Soweto, wala popote. Miaka yote ile makalio yalikuwa hewani, yanagusa tu, mapaja ndiyo yamenibeba. Niliogopa litavunjika watu wanicheke. Jana ndiyo mara ya kwanza.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Lala salama.

Anko amekaa.